Siku Kompyuta ya Dada Ilipohama

Mtu akiniuliza nimesoma mpaka wapi, simfichi. Nina diploma moja, niliyoipata katika chuo cha ghorofani katikati ya jiji, ambako harufu ya chipsi za hoteli ya chini ilipanda ngazi pamoja nasi. Diploma hiyo nimeitia fremu na kuitundika ofisini, mahali ambapo mteja akikaa ataiona kabla hajaniangalia vizuri. Wenye vyeti virefu kuliko changu wapo, na baadhi yao nimewaajiri.

Niliibeba diploma hiyo hadi Ghuba, kule Uarabuni. Nilianza kwa kuvuta nyaya chini ya sakafu za majumba ya seva, na nikaondoka huko nikiwa fundi ambaye kazi yake iliamka kila mara benki moja kubwa ilipowasha mashine mpya. Kisha nikarudi. Wengi hukaa kule hadi wafukuzwe; mimi nilirudi kwa hiari yangu, nikakodi nyumba ya zamani yenye ua Woodley, nikafungua ofisi mjini katika jengo ambalo lifti yake hufanya kazi. Nayasema haya mapema ili nisiyarudie, ingawa nikiyarudia mnisamehe, kwa sababu hakuna aliyenipa.

Hakuna isipokuwa dada yangu. Dada ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi, na ndiye aliyenilea Kangemi baada ya mama kurudi magharibi kumwuguza baba. Alifuma sweta za shule kwa mkono, baadaye kwa mashine, katika kibanda cha mabati nyuma ya soko. Karo yangu ilitoka kwenye sindano zake. Leo kibanda ni chake, ana msichana wa kumsaidia, na ana mashine ya kutarizi aliyoinunua kutoka kwa mtu aliyekuwa akifunga karakana. Mashine ile ilikuja na kompyuta yake, na ndani ya kompyuta kulikuwa na programu ya kuchorea beji: unachora nembo ya shule kwenye kioo, programu inaigeuza kuwa mishono, unaibeba kwa flashi hadi kwenye mashine, na sindano inaanza kukimbia.

Kompyuta hiyo ndiyo iliyokuwa inakufa.

Nilifika pale siku moja kumpelekea sukari, nikaikuta ikinguruma kama posho mill ya kusaga mahindi. Dada alikuwa ameiwekea feni ya mezani ubavuni, na feni yenyewe alikuwa ameiegemeza kwa tofali.

"Mtoto wa mama, hii kitu inakufa," akasema bila kuinua macho kwenye uzi.

"Haifi. Imechoka tu."

"Hata mimi nimechoka, lakini sizimiki nikiongea na wateja."

Ndipo akanieleza. Shule moja mpya ya upande wa juu wa Waiyaki Way ilikuwa inatafuta mtu wa kuitengenezea sweta zote pamoja na beji. Mwalimu mkuu alikuwa amempenda dada, lakini alitaka kuona beji yenyewe, imeshonwa kwenye kitambaa, Jumatatu ijayo asubuhi. Asipoiona, angeenda kwa duka kubwa la mjini ambalo lilikuwa limeshamletea sampuli. Dada alikuwa ametumia jioni nyingi kuichora nembo yao: korongo amesimama kwa mguu mmoja, jicho lake mshono mwekundu mmoja tu. Korongo huyo alikuwa ndani ya kompyuta ile, katika faili ambayo hakuna programu nyingine duniani inayoweza kuifungua. Waliotengeneza programu hiyo hawapo tena. Niliwahi kuwaandikia, barua ikanirudia.

Dada alikuwa ameingoja shule kama hiyo tangu nikiwa sekondari. Kazi ya sweta za rejareja hukupa chakula cha leo. Shule nzima hukupa mwaka.

"Wacha niihamishe," nikamwambia.

"Uipeleke wapi?"

"Kwa wingu."

"Huko stima hupotea?"

"Haipotei."

"Basi nihamishe hata mimi."

Nitaeleza kazi yangu kwa lugha ya kawaida, na ninajua kuieleza, maana wakurugenzi wamenielewa. Zamani kampuni ikitaka kompyuta nyingi, ilizinunua, na mtu akakaa mbele ya kila moja akiweka programu zilezile. Siku hizi kompyuta hizo zinakodiwa kwenye wingu, yaani ndani ya majumba ya seva ya watu wengine, nawe unazifikia kwa mtandao. Hazina boksi unaloweza kuligusa, ndiyo maana zinaitwa mashine pepe. Mimi huchukua mashine moja, nikaipanga kila kitu kikae mahali pake, kisha nikaigandisha. Hiyo iliyogandishwa ndiyo nakala mama. Ukihitaji mashine nyingine, unaiamsha kutoka kwenye nakala hiyo, nayo inaamka ikiwa tayari na kila kitu ulichoweka.

Lakini kabla ya kuigandisha, unaiosha. Unaondoa jina lake, maneno yake ya siri, akaunti za watu waliokuwa wakiitumia, takataka zote za maisha yake ya awali. Usipoiosha, mashine zote zitakazoamka humo zitadai kuwa mtu mmoja, na zitagombana kwenye mtandao kama ndugu wanaogombania shamba. Ghuba nilisifiwa kwa kuosha. Msimamizi wangu alisema nakala zangu zinang'aa, na yeye hakuwa mtu wa kusifu.

Nikamweleza dada kwamba nitaichukua diski, niinakili, niipandishe wingu, niioshe, kisha nimwamshie mashine mbili: yake na ya yule msichana wake, wachore kwa pamoja. Dada aliniacha nimalize, kisha akasimamisha mashine yake ya kushona.

"Usiioshe," akasema.

"Dada, lazima ioshwe."

"Siku ya kuhama haioshwi."

Nilijua mara moja anachosema. Tulipokuwa wadogo tulihama vyumba vya Kangemi mara nyingi, kila mwenye nyumba alipopandisha kodi, na siku ya kuhama dada hakuosha sufuria ya ugali. Mama alimfundisha hivyo. Sufuria ilibebwa na ukoko wake, ikitangulia kitanda na godoro, na chakula cha kwanza katika chumba kipya kilipikwa ndani yake kabla ya sakafu kufagiliwa. Mama alikuwa akisema kwamba sufuria iliyooshwa huingia nyumba mpya kama mgeni, haijui ilipikia nani. Mimi ndiye niliyekuwa nikiibeba kichwani, na majirani wapya waliuona ukoko wetu kabla ya kuniona uso. Niliichukia desturi ile kwa moyo wote.

"Hii si sufuria," nikamwambia.

"Najua si sufuria. Mimi si mshamba. Nasema tu usiioshe."

Sikutaka kubishana naye mbele ya msichana wake. Nikamwahidi kwamba nitaweka nakala mbili: moja kama ilivyo, na uchafu wake wote, na nyingine safi ya kufanyia kazi. Ilikuwa heshima tu. Ni kama unavyopokea chakula cha shangazi ukiwa umeshiba.

Nilifanya kazi ile ofisini kwa mkono wangu, wala sikumwachia mtu. Niliinakili diski yote kwenye diski ya kubebea, nikairudisha kwenye kompyuta yake, nikaipandisha nakala kwenye wingu. Nikaweka viendeshi, yaani programu ndogo ambazo mashine ya zamani namna ile huzihitaji ili ikubali kuamka katika wingu, na nitasema bila haya kwamba si mafundi wengi mjini wangeiamsha. Iliamka. Nikaigandisha ilivyo. Hiyo ikawa nakala chafu. Kisha nikaiosha, nikaigandisha tena, na hiyo nayo ikawa nakala safi, nikaiandalia mashine mbili za kuitegemea.

Mchana tulikuwa tukila chapati na ndengu ofisini, mimi na mwenzangu wa kazi. Yeye ni mwanamke wa Kinoo, ana digrii, na mdomo wake haujui kupumzika. Nikamsimulia habari ya sufuria nikidhani atacheka. Kila Ijumaa yeye ndiye hufagia wingu letu: nakala yoyote ambayo hakuna mashine inayoitegemea hufutwa, kwa sababu nafasi ya wingu hulipiwa hata ukiwa hulali humo. Sheria hiyo niliiandika mimi, na wateja wetu wanaisifu.

"Kwa hivyo hiyo chafu ni ya nini, bosi?" akaniuliza.

"Ni ya kumridhisha dada."

"Na ukishamridhisha?"

"Utafagia kama kawaida."

Hakucheka. Alimalizia ndengu zake, akasema tu, "Cucu yangu alikuwa na nyungu kama hiyo," akimaanisha nyanya yake, tukarudi kazini.

Katikati ya wiki nikampigia dada simu. Nilikuwa nimesimama dirishani nikitazama watu wakivuka barabara, na nilikuwa na furaha yangu. "Mashine yako imehama," nikamwambia. "Iko tayari. Jumamosi nakuja na laptopu nikuonyeshe."

"Imehama kabisa?"

"Kabisa."

"Asante, mtoto wa mama. Mungu akubariki."

Jumamosi adhuhuri nilifika Kangemi nikiwa nimevaa shati jeupe. Dada alikuwa amefagia kibanda, ameweka kiti cha wageni, na meza iliyokuwa na kompyuta ilikuwa tupu, imefutwa kwa kitambaa chenye maji. Chini ya cherehani ya zamani kulikuwa na pedali mpya inayometa.

"Kompyuta iko wapi?" nikauliza.

"Si ilihama?"

"Dada, ile yenyewe. Boksi."

"Nilipatia yule fundi wa redio. Alitaka vyuma vya ndani. Akanipa pedali." Akaikanyaga anionyeshe. "Angalia vile inakaa laini."

"Ulimpa lini?"

"Siku ile ulipiga simu. Mtu akihama, anaacha funguo. Nilifikiri unataka niweke meza hapo."

Sikumlaumu, na hata leo simlaumu. Nilitumia neno lake, naye akalifuata mpaka mwisho. Msichana wake aliniambia fundi alikuwa ameshaitoa diski na kuiuza kwa mtu wa mjini, ikafutwa palepale. Diski ya kubebea niliyoitumia mimi nayo ilikuwa imeshaingia kazi ya mteja mwingine. Sikuwa na wasiwasi bado. Nilikuwa na wingu, na nakala zangu hung'aa.

Nikaifungua laptopu, nikaiamsha mashine kutoka kwenye nakala safi. Iliamka vizuri, haraka, nyeupe kama sahani. Nikambonyezea dada programu yake ya beji. Kikatokea kidirisha kidogo cha kijivu. Kilisema programu haijasajiliwa kwa kompyuta hii, na kitufe kilikuwa kimoja tu, cha kukubali.

Nikaelewa kabla hata sijakibonyeza. Programu ile ilikuwa imefungwa kwa kompyuta ileile iliyouzwa nayo. Ilimtambua mwenyewe kwa jina la mashine na alama zake za ndani, yaani vitu vilevile ninavyoviondoa kwanza ninapoosha. Nikajaribu kuirudishia jina lake kwa mkono. Ikakataa. Nikajaribu kwa njia nyingine ninayoijua, na nyingine ambayo hakuna anayeijua isipokuwa sisi wa Ghuba. Ikakataa.

Dada alikuwa amesimama nyuma yangu, na mkono wake ulikuwa kwenye kiti changu. Hakupiga kelele.

"Korongo wangu yuko ama hayuko?"

"Yuko kwenye ile nyingine," nikasema. "Ile chafu."

Nikafungua orodha ya nakala zetu kumtafuta. Orodha ilikuwa fupi na nadhifu, kama inavyokuwa kila Jumamosi. Nakala safi ilikuwapo. Za wateja zilikuwapo. Ile ya dada haikuwapo. Jana ilikuwa Ijumaa.

Nimekaa katika vyumba ambamo seva za benki zimezimika watu wakipiga kelele kwa lugha nne, nami nikaendelea kubonyeza vitufe. Pale Kangemi nilijikuta nimeshika pindo la meza. Dada alitazama kioo, akatazama uso wangu, kisha akaketi kwenye kile kiti cha wageni alichonitayarishia mimi, na akaanza kukunja kitambaa alichokuwa amekikatia beji ya sampuli. Alikikunja mara nyingi, kikawa kidogo sana.

"Huenda yule mwalimu akaningoja wiki moja," akasema.

"Alisema Jumatatu."

"Najua alisema Jumatatu."

Nikatoka nje nikampigia mwenzangu wa ofisini. Simu iliita sana. Ilipopokelewa nilisikia vicheko vya wanawake wengi na visu vikigonga masufuria.

"Bosi, leo ni Jumamosi."

"Uko wapi?"

"Ruracio ya binamu yangu, leo mahari yake inaletwa. Niko kwa waru, namenya viazi. Tumebakisha gunia moja na hizi shangazi hazinionei huruma."

"Jana ulifagia?"

"Si hata nilifagia vizuri. Hujaona vile orodha imekaa?"

Nilikuwa natafuta namna ya kuuliza swali ambalo nilishalijua jibu lake.

"Bosi? Uko?"

"Niko. Ile nakala ya dada yangu. Ile isiyooshwa."

"Eeh. Hiyo ya sufuria."

"Uliifuta."

"Aa. Hiyo sikugusa."

Nadhani nilimwambia arudie, kwa sababu alirudia kwa sauti ya juu, nikasikia shangazi mmoja akimuuliza ni mume gani huyo anayemfuata mpaka kwenye waru.

"Sikufuta, bosi. Niliitoa kwa orodha, nikaiweka kwa stoo. Ile stoo ya bei ya chini. Nikaiandika jina 'sufuria' halafu nikaifunga isifutike hata na mimi mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Sasa mimi nitafuta sufuria ya mtu mzima? Dada yako akuje ofisini aulize, nimwambie nini? Wewe ungekuwa umejificha nyuma ya hiyo diploma yako."

Nikaegemea ukuta wa mabati. Ulikuwa wa moto kwa jua, ukanichoma kupitia shati, nami sikuondoka. Nikamwambia Mungu ambariki, nikamwambia Jumatatu asije mapema, nikamwambia mambo mengine ambayo amekataa kuyasahau.

"Lakini ujue kuitoa stoo si mara moja," akasema. "Ile ya bei ya chini inakufanya ungoje. Anzisha sasa hivi, kesho utakuwa nayo. Na bosi, waru zinanifia hapa."

Niliporudi ndani dada alikuwa bado amekaa. Sikumficha kitu. Nilimwambia iko, imewekwa mahali, na kesho itatoka. Akanisikiliza, akakikunjua kile kitambaa polepole, akakinyoosha juu ya goti.

"Nani aliweka?"

"Msichana wa ofisini kwangu."

"Ameolewa?"

"Dada."

"Nauliza tu. Ana akili." Kisha akainuka kutafuta kiberiti awashe jiko, na alipokuwa amenipa mgongo nikasikia akianza kuimba chinichini wimbo wa kanisani. Alipika chai ya maziwa mengi, tukanywa wote watatu, na mimi nilikunywa kikombe cha pili ambacho kwa kawaida hukikataa kwa ajili ya tumbo.

Jumapili tulienda kanisani pamoja, jambo ambalo tangu nirudi nchini nilikuwa nikiliahirisha kwa sababu za kazi. Nilikaa safu yake, miongoni mwa wamama wa kwetu, wakinipa mkono mmoja mmoja na kuniuliza kama Ghuba ni joto kweli. Niliwaambia ni joto, na kwamba mimi nilikuwa ndani ya vyumba vya baridi nikiendesha mitambo ya benki. Wakatikisa vichwa kwa heshima. Wakati wa matangazo simu ikatetemeka mfukoni: nakala iliyoitwa sufuria imetoka stoo. Nikamwonyesha dada kioo cha simu. Hakuisoma. Alinitazama uso tu, akaufunga mkono wake juu ya wangu, akarudi kumsikiliza katibu akitangaza mambo ya kwaya.

Tulipotoka tuliteremka hadi kibandani tukiwa bado na nguo za ibada. Niliiamsha mashine moja tu kutoka kwenye ile nakala, wala si mbili, nikaufunga mlango wake wa mtandao ili aingie dada peke yake. Hayo nayo ni ujuzi, kwa sababu mashine ya zamani isiyooshwa huwezi kuiacha ikitembea hovyo nje.

Iliamka taratibu, ikijivuta, kama ilivyokuwa ikiamka mezani pale miaka yote. Nilisahau kwamba chafu ni chafu. Kioo kilijaa vitu: risiti za nyuzi, nyimbo za kwaya alizorekodi kwa simu, vipimo vya watoto ambao sasa wana watoto wao. Na nyuma ya hayo yote, picha kubwa imetandazwa kioo kizima. Nilikuwa mimi, siku ya kupokea diploma, nimevaa joho la kukodi lililonizidi mabega, na dada ubavuni pangu akiwa na sweta ya bluu aliyoifuma mwenyewe. Katika nakala safi picha ile nilikuwa nimeiondoa pamoja na uchafu mwingine, na sikuitazama hata mara moja nilipokuwa nikifanya hivyo.

"Si nilikuambia," dada akasema.

"Uliniambia."

"Sasa fungua. Usikae hapo kujiangalia."

Nikaibonyeza programu ya beji. Ilifikiri. Ikafikiri tena. Kisha ikafunguka bila kuuliza kitu, na korongo akatokea katikati ya kioo, kwa mguu wake mmoja. Msichana wa dada akapiga makofi mara moja, akajiona, akaacha. Dada aliivuta laptopu upande wake kana kwamba nilikuwa nimeikalia muda mrefu mno. Akaondoa mshono mmoja kwenye bawa, akaurudisha palepale ulipokuwa. Alikuwa anataka tu kuona kama utamtii.

Tukamhamisha korongo kwa flashi hadi kwenye mashine ya kutarizi. Sindano ilianza na miguu, ikapanda tumbo, ikazunguka shingo. Tulisimama watatu kuitazama. Mwisho kabisa mashine ikasimama, dada akabadilisha uzi, ikashona jicho. Mshono mwekundu mmoja.

Jumatatu asubuhi nilikuwa ofisini, nimeshika simu mkononi badala ya kuiweka mfukoni. Mteja mmoja alikuwa mbele yangu akiuliza mambo ya nakala mama za kampuni yake, nami nilikuwa nikimjibu vizuri tu, maana hayo nayajibu hata nikiwa usingizini. Simu ikalia. Nilimwomba radhi, jambo ambalo silifanyi kwa wateja.

"Ameigeuza nyuma akaangalia nyuzi," dada akasema. Nyuma yake watoto walikuwa wakipiga kelele uwanjani. "Akavuta ile ya jicho na kucha. Haikutoka."

"Halafu?"

"Halafu ameniita niingie darasa kwa darasa nichukue vipimo. Nimekupigia nikiwa kwa mlango wa nasari. Wacha niende, wanaanza kukimbia."

Akakata. Nikaiweka simu juu ya meza na kumtazama mteja wangu, na nadhani nilikuwa nikitabasamu, kwa sababu naye alianza kutabasamu bila kujua ni kwa nini. Akainua macho ukutani.

"Hiyo diploma ni ya hapa mjini?" akauliza.

"Ya hapahapa," nikamwambia. "Dada yangu ndiye aliyeilipia. Ana kazi ya shule nzima sasa."

Siku hizi ofisini kwetu kila mashine inayohamia wingu hugandishwa mara mbili. Bado ninaosha, na nakala zangu bado zinang'aa. Lakini ile ya kwanza, kabla ya maji, huenda moja kwa moja stooni ikiwa imefungwa, na fagio la Ijumaa halifiki huko. Wateja wakiuliza, nawaambia ni utaratibu nilioutoa Ghuba. Mwenzangu wa Kinoo akisikia hivyo hukohoa.